Nani Alisafiri Peke Yake? Mwanzo wa Safari za Umisionari Kuelekea Biharamulo na Ngara, 1875–1996

Utangulizi

Masimulizi ya kuingia kwa Ukristo katika nchi zilizo magharibi ya Ziwa Viktoria yana kauli moja inayojirudia. Mmisionari fulani aliagana na ndugu zake bandarini, akavuka bahari, akashika njia ya bara, na hatimaye akafika mahali pa kazi yake akiwa peke yake. Kauli hiyo ilianzia katika barua za wamisionari wenyewe, ikahamia katika taarifa za vyama vilivyowatuma, na kutoka huko ikaingia katika historia za makanisa tunazoziandika sisi wenyeji. Kwa kuwa imeandikwa mara nyingi, imekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi.

Insha hii inaihoji kauli hiyo kwa kuzitazama wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, Biharamulo na Ngara. Haikusudii kukanusha kwamba wamisionari wengi waliondoka kwao wakiwa wapweke, wala kwamba upweke huo uliwauma. Hoja yake ni kwamba neno "peke yake", kama lilivyotumika katika kumbukumbu za umisionari, lilikuwa namna ya kuhesabu. Lilianza kuhesabu pale Mzungu wa mwisho alipoagwa, na likaacha kuhesabu wengine wote waliokuwa njiani. Aidha, insha inaonyesha kwamba safari ya mtu mmoja kutoka ng'ambo iliwezekana katika nchi hii kwa muda mfupi tu wa historia yake, na kwa sababu zisizohusiana na ushujaa wa msafiri. Mwisho, inadai kwamba wapo watu waliosafiri peke yao kweli kwa ajili ya kufundisha dini katika eneo hili la maziwa, ila majina yao yamewekwa katika rejista nyingine.

Mwandishi alikulia Ngara. Katika mazungumzo ya wazee aliowasikia utotoni, padri au mchungaji mgeni hakutajwa kwa umoja. Walisema "misheni walikuja", wakimaanisha mtu mwenyewe, mpishi wake, waliobeba mizigo, mwalimu aliyemtafsiria na mbwa wake. Wakati ule sarufi hiyo ilionekana kuwa ya kizamani. Leo inaonekana kuwa na usahihi ambao nyaraka hazina.

Kuhusu mipaka ya eneo

Msomaji asiye wa Kagera anahitaji tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba mipaka imehama sana. Mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi hadi baada ya vita dhidi ya Idi Amin. Wilaya ya Ngara ina nchi mbili za kale, Bugufi na Busubi. Wakati wa utawala wa Wajerumani Bugufi ilihesabiwa pamoja na Urundi, na ilibaki upande wa Waingereza pale Waingereza na Wabelgiji walipogawana makoloni ya Ujerumani mwaka 1919. Kwa hiyo mmisionari aliyeingia Bugufi akiwa na Kiswahili cha pwani alikuta watu wanaosema Kihangaza, lugha iliyo karibu mno na Kirundi, na ambao ndugu zao walikuwa ng'ambo ya mpaka mpya. Biharamulo nayo ni nchi ya Wasubi na Wazinza, na Chato ya sasa ilikuwa sehemu yake.

Tahadhari ya pili inahusu jina Katoke, ambalo limewapoteza watafiti zaidi ya mmoja. Ipo Katoke ya Wakatoliki wilayani Biharamulo, penye seminari ambayo Rais John Magufuli alisoma katika miaka ya 1970. Ipo pia Katoke ya Waanglikana, iliyo katika Muleba ya sasa, ambayo ilijulikana kwa chuo chake cha ualimu. Katika insha hii, panapotajwa Katoke bila maelezo, ni hiyo ya pili.

Nchi isiyoingilika na mtu mmoja

Kabla ya ukoloni, swali la kusafiri peke yako kuingia Biharamulo halikuwepo. Nchi ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiita Usui, yaani Rusubi, ilikaa juu ya njia ya misafara iliyotoka Tabora kwenda Karagwe na Buganda. Aliyepita alitakiwa kutangulizwa na habari zake, kupokelewa na watu wa mtawala, kupangiwa mahali pa kulala na kutozwa hongo. John Hanning Speke na James Grant, waliotoka Unguja mwaka 1860, walifika huko mwishoni mwa mwaka 1861, na katika maandishi ya Speke hakuna mtawala aliyelalamikiwa kwa uchungu kama Suwarora wa Usui. Alimtaja kama mnyang'anyi. Lakini tukiisoma habari hiyohiyo kutoka upande wa ikulu, tunaona utaratibu wa forodha: mgeni hasongi mbele mpaka ajulikane ni nani, ana nini na anakwenda kwa nani. Siku alizozihesabu Speke kuwa zimepotea ndizo siku ambazo nchi ilikuwa ikimchunguza.

Katika utaratibu huo mtu mmoja hakuwa na maana. Mgeni alikuwa msafara. Hadhi yake ilipimwa kwa idadi ya mizigo, na kila mzigo ulikuwa na mtu chini yake, kwa kawaida akibeba ratili 60 hadi 70. Kitabu cha Stephen Rockel kuhusu wapagazi wa Tanzania ya karne ya 19 kimeonyesha kwamba hawa hawakuwa kundi la watu waliookotwa njiani. Walikuwa wafanyakazi wenye desturi, viongozi, mikataba ya posho na uwezo wa kugoma. Mzungu aliyeingia Usui aliongozwa na watu ambao walishaijua njia hiyo kabla yake, na ambao, kama asingewalipa, wangemwacha palepale. Huko kuachwa ndiko kulikokuwa upweke wa hatari, na aliyekuwa na uwezo wa kuusababisha alikuwa mpagazi.

Kijana aliyeachwa kwa Kabaka

Mwezi Aprili 1875 Henry Morton Stanley alifika katika mji wa Kabaka Mutesa. Barua yake ya kuwaita wamisionari waje Buganda ilichapishwa London katika gazeti la Daily Telegraph mwezi Novemba mwaka huohuo, na barua hiyo ndiyo inayowekwa mwanzoni mwa historia ya Ukristo katika eneo zima la ziwa. Jambo ambalo hutajwa kwa sentensi moja, au tanbihi, ni kwamba Stanley alipoondoka alimwacha mtu.

Mtu huyo aliitwa Dallington Maftaa. Alikuwa kijana mwenye asili ya utumwa, aliyelelewa na kusomeshwa Unguja katika shule ya Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, yaani UMCA. Alijua kusoma na kuandika Kiswahili, alijua Kiingereza, na alikuwa amekwisha kusaidia kutafsiri sehemu za Biblia kwa ajili ya Kabaka. Msafara wa Stanley uliendelea kusini. Mwaka 1876 ulipita Karagwe na Usui, yaani kupitia nchi tunayoizungumzia, ukielekea Ujiji. Dallington alibaki nyuma kwa Mutesa. Alisoma, alifundisha, aliandika barua za Kabaka, na alimwandikia Askofu Edward Steere huko Unguja.

Tukipima kwa vigezo vya kawaida vya historia ya umisionari, hakuna kinachopungua. Alitoka ng'ambo ya maji, maana Unguja ni kisiwa. Alifika katika nchi asiyokuwa na ndugu. Aliachwa bila mwenzake wa imani, bila akiba ya vitambaa na shanga ya kununulia urafiki, bila balozi wa kumwandikia, bila chama cha kumtumia mshahara. Kazi yake ilikuwa kufundisha Maandiko. Hata hivyo, wamisionari wa Church Missionary Society, yaani CMS, walipoingia katika mji wa Mutesa tarehe 30 Juni 1877, ndio walioandikwa kuwa wa kwanza. Dallington aliandikwa kuwa mkalimani.

Wamisionari hao walikuwa wawili, Luteni Shergold Smith na Kasisi C. T. Wilson. Wiki chache baadaye Smith alirudi kusini mwa ziwa, na Desemba 1877 aliuawa Ukerewe pamoja na mwenzake O'Neill. Wilson alibaki Buganda. Historia za CMS zinakieleza kipindi hicho kuwa ni cha Wilson kukaa peke yake, na hatuna sababu ya kutilia shaka huzuni ya mtu aliyepata habari za vifo vya wenzake akiwa mbali namna ile. Lakini alikuwa katika mji mkuu wenye maelfu ya watu, na katika mji huo alikuwamo kijana wa Unguja aliyeweza kusoma Injili. Ikiwa mwaka 1876 Dallington hakuhesabiwa kuwa peke yake, na mwaka 1877 Wilson akahesabiwa kuwa peke yake huku Dallington akiwapo, basi kilichokuwa kikihesabiwa si watu. Hapa ndipo mwandishi anapotofautiana na wale wanaosema kwamba lugha ya upweke ni mapambo tu ya uandishi wa kidini. Mapambo hayapangi nani ni mwanzilishi na nani ni mkalimani.

Mwaka 1878 unatupa mfano mwingine, safari hii ukiwa ndani ya Kagera ya leo. Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Scotland, alifika Kageyi kusini mwa ziwa mwezi Juni baada ya kuharakisha kutoka pwani na watu wachache. Akiwa na Wilson, aliyemfuata huko, alipanda mashua iitwayo Daisy kwenda Buganda, na dhoruba ikaivunja kwenye pwani ya magharibi, katika nchi ya Wahaya. Walikaa hapo karibu wiki nane wakiitengeneza. Waliikata sehemu ya kati ili wapate mbao za kuziba miisho, na mashua ikatoka ikiwa fupi zaidi. Ustadi wa Mackay katika kazi hiyo umesifiwa sana, na unastahili. Lakini wiki nane ni siku hamsini na zaidi za kula, na chakula hicho kilitoka katika migomba na mashamba ya watu wa pwani ile. Mackay alifika Buganda Novemba 1878. Wenyeji waliomlisha hawana hata tanbihi.

Amani ya boma

Ni lini basi mtu mmoja kutoka Ulaya aliweza kuingia nchi hii pasipo msafara mkubwa? Jibu lina sehemu mbili, reli na boma.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Kuanzia hapo msafiri aliyeshuka Mombasa alifika ziwani kwa treni, akapanda meli ya mvuke, akashuka Bukoba bila kutembea. Wamisionari wa Bethel, Ernst Johanssen na Gerhard Ruccius, walitumia njia hiyo mwaka 1907 walipokwenda Ruanda kupitia Bukoba. Upande wa Kijerumani reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928, chini ya Waingereza. Miezi ya kutembea iligeuka kuwa siku za kukaa.

Boma lilifanya kazi nyingine. Wajerumani walijenga boma Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20, na jengo hilo bado limesimama. Lilihamisha uwezo wa kumchunguza mgeni kutoka ikulu ya mtawala mwenyeji hadi mezani kwa afisa. Mgeni mwenye barua ya boma hakutozwa hongo tena. Chifu, ambaye babu yake alikuwa akimzuia mgeni mpaka amjue, sasa aliwajibika kumtafutia kambi, kuni, chakula na wabebaji. Upweke wa msafiri wa kizungu katika miaka ya 1910 na 1920 ulikuwa upweke uliolindwa. Aliweza kutembea na watu wanne badala ya mia nne kwa sababu watu wa kila kijiji walikuwa wamelazimishwa kuwa msafara wake kwa zamu.

Tena nchi aliyoipita ilikuwa imepungukiwa watu. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890, vita, na kisha malale vilirudisha pori mahali palipokuwa na mashamba. Waingereza walikabili malale kwa kuwahamisha wakazi wa Biharamulo na kuwakusanya katika makazi maalumu. Msafiri aliyepita katikati ya pori hilo katika miaka ya 1930, akaandika kwamba hakuona mtu kutwa nzima, hakudanganya. Aliona matokeo ya uhamisho akayachukua kuwa ni tabia ya nchi.

Kutoka Australia

Mwaka 1927 Kanisa la Anglikana liliunda Dayosisi ya Tanganyika ya Kati, na George Chambers, paroko wa Dulwich Hill mjini Sydney, akawekwa wakfu kuwa askofu wake wa kwanza. CMS ya Australia ilichukua jukumu la kuileta dayosisi watumishi na fedha. Kwa sababu hiyo, kwa karibu nusu karne, sura ya mmisionari wa Kianglikana huko Dodoma, na baadaye katika Bugufi na Katoke, ilikuwa ya Mwaustralia. Sehemu kubwa ya hao walikuwa wanawake wasioolewa: wauguzi na walimu. Kiswahili cha bara hakikujali tofauti hiyo ya asili. Kwa watu wa Ngara wote walitoka Ulaya, na Ulaya ilianza pale maji yanapoishia.

Kwao safari ya peke yako ilikuwa na maana nzito zaidi kuliko kwa Mwingereza. Umbali ulikuwa mkubwa, mara nyingi msafiri alibadili meli njiani, na likizo ya kurudi nyumbani ilisubiriwa kwa miaka. Baada ya Dar es Salaam palikuwa na treni hadi Mwanza, meli hadi Bukoba, kisha lori katika barabara ambazo wakati wa masika zilikuwa jina tu. Binti aliyeagwa na parokia nzima gatini Sydney alijikuta amekaa juu ya magunia, akienda mahali ambapo hakuna aliyejua jina la mama yake. Si haki kwa mtafiti kuidharau hali hiyo kwa kuwa tu nadharia yake inamtaka aangalie wabebaji.

Lakini hebu tuifuate safari hiyo kwa makini. Tiketi ilikatwa na ofisi ya chama. Bandarini alipokelewa na mwakilishi. Katika Dodoma alikaa kwa muda akijifunza Kiswahili, na waliomfundisha kusema kwa usahihi, nje ya kitabu, walikuwa wafanyakazi wa nyumbani na wagonjwa. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilifungua huduma ya ndege kati ya London na Mwanza, hasa kwa ajili ya barua, na safari hiyo ilichukua takriban siku kumi. Kuanzia hapo barua ya upweke ilikwenda kwa kasi kuliko mpweke mwenyewe. Jambo hili lina uzito wa kihistoria. Upweke tunaousoma kwenye makavazi ni upweke uliofikishwa, uliosomwa kanisani na kuchangiwa sadaka. Ulikuwa na wasikilizaji. Upweke usiokuwa na posta hatuna nakala yake.

Wenyeji nao walikuwa na swali lao. Birgitta Larsson, aliyechunguza wanawake na Kanisa kaskazini-magharibi mwa Tanzania wakati wa ukoloni, ameonyesha jinsi misheni ilivyowapa baadhi ya wanawake nafasi ya kuishi nje ya mpango wa ndoa na mahari. Tukiisoma kazi yake pamoja na habari za wauguzi wa kigeni, tunapata picha ya mwanamke mzima asiye na mume, asiye na mtoto, asiye na kaka wa kumsemea, ambaye hata hivyo anatoa amri na kupewa heshima ya "Bibi". Kwa jamii ambamo mtu hujulishwa kwa kutajiwa ukoo wake, huyo alikuwa fumbo. Njia ya kulifumbua ilikuwa kumpa watu: mwalimu aliyemwita dada, mama wa jirani aliyemwita binti yake. Baadhi ya wamisionari waliiona hali hiyo kuwa zao la mahubiri yao. Inawezekana pia kwamba ilikuwa huruma ya wenyeji kwa mtu aliyekosa kwao.

Waliovuka bila meli

Wakati Waaustralia wakijipanga Dodoma, mambo mengine yalikuwa yakitokea Gahini, mashariki mwa Ruanda, upande wa pili wa Mto Kagera kutoka Ngara. Kituo hicho cha CMS kilianza mwaka 1925. Mwaka 1928 alifika hapo daktari kijana Mwingereza, Joe Church, na karibu mara moja akakabiliwa na njaa iitwayo Rwakayihura. Mwaka 1929, akiwa amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala kupumzika, akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Mkutano wao huwekwa mwanzoni mwa Uamsho wa Afrika Mashariki.

Sambamba na hayo, mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, aliacha nafasi nzuri aliyoweza kuwa nayo Buganda akaenda Gahini kuwa mwalimu. Umbali wake kwa maili ulikuwa mdogo kuliko wa Church. Kwa mambo mengine ulikuwa sawa au ulizidi. Alitoka koloni la Waingereza akaingia la Wabelgiji. Aliacha lugha yake akaanza nyingine. Alienda katika nchi ya njaa kwa mshahara wa mwalimu mwenyeji. Alifariki Januari 1936, akiwa bado kijana. Louise Pirouet alikwisha kuonyesha katika kitabu chake kuhusu wainjilisti wa Uganda kwamba kazi kubwa ya kueneza Ukristo kati ya 1891 na 1914 ilifanywa na Waganda waliotumwa nje ya Buganda. Kigozi alifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wengi ambao hatujui hata makaburi yao.

Bukoba ina ushahidi wa aina hiyohiyo. Bengt Sundkler, mwanahistoria Mswidi aliyefika huko mwaka 1942 wakati wamisionari Wajerumani walipokuwa wameondolewa na vita, aliandika kwamba Wabethel walipoanza kazi mwaka 1910 walikuta Wahaya waliokwisha kujifunza kusoma kutoka Buganda na waliokuwa wakisali pamoja. Mmisionari wa kwanza alipokelewa na waumini. Ni vigumu kuwa peke yako katika hali hiyo, labda mtu aamue.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Uamsho ulivuka kutoka Ruanda ukafika Katoke, ukawagusa walimu na wanafunzi, na kupitia kwao ukasambaa Tanganyika. Hapa mtafiti anakutana na safari za namna nyingine kabisa. Mwalimu aliyemaliza Katoke alipangiwa shule ya porini Biharamulo au mlimani Bugufi. Alikwenda kwa miguu au baiskeli. Hakupokelewa na mwakilishi. Kama alikuwa Mhaya, Wahangaza walimwona mgeni, tena mgeni asiye na faida za mgeni wa kizungu: hakuwa na dawa, gari, wala neno mbele ya afisa wa wilaya. Derek Peterson ameandika jinsi watu wa Uamsho walivyotengana na koo zao kwa kukiri dhambi hadharani na kukataa desturi za ukoo. Mwalimu wa namna hiyo alikuwa mpweke mara mbili, kwa umbali wa nyumbani na kwa kukataa kwake yale ambayo nyumbani palimtaka ayafanye.

Kuhusu walimu hawa taarifa za misheni zina safu moja tu, ya idadi yao. Mtafiti amejiuliza mara nyingi kama kuna njia ya kuifungua safu hiyo, na jibu lake kwa sasa ni la kutoridhisha. Daftari za mishahara, rejista za ubatizo zenye sahihi ya mwalimu, na kumbukumbu za watoto wao ambao sasa ni wazee, ndivyo vyanzo vilivyobaki. Vya tatu vinapungua kila mwaka.

Njia kugeuka

Mwaka 1959 njia ya Australia iligeuzwa. Askofu msaidizi Yohana Omari, Mtanganyika wa kwanza kuwa askofu wa Anglikana, aliyezaliwa katika Uislamu, na Festo Kivengere, mwalimu kutoka Kigezi aliyekuwa amefundisha Dodoma kwa miaka mingi, walikwenda Australia kuhubiri. Walihubiri pia kwa wenyeji asilia wa nchi hiyo. Hawakuandikwa kuwa wapweke. Waliitwa wageni waalikwa, na kila kituo kilikuwa na jina la mwenyeji wao. Tofauti hiyo ya maneno inatosha kuonyesha kwamba lugha ya upweke ilikuwa na mwelekeo: iliandikwa kwa anayetoka ng'ambo kuja huku, na haikuandikwa kwa anayetoka huku kwenda ng'ambo.

Baada ya uhuru makanisa ya eneo hili yalipata uongozi wake. Christopher Mwoleka alikuwa Askofu Katoliki wa Rulenge kuanzia 1969, na akaishi katika kijiji cha ujamaa pamoja na wakulima. Dayosisi ya Anglikana ya Kagera ilianzishwa mwaka 1985, makao yake yakiwa Murgwanza, karibu na mji wa Ngara. Mgeni kutoka ng'ambo sasa alihitaji mwaliko wa askofu mwenyeji kabla ya kupata kibali cha kukaa. Kwa maana fulani utaratibu wa Usui ulikuwa umerudi.

Kisha ukaja mwaka 1994. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco, iliyopata jina lake kutoka kwa kampuni ya Italia iliyojenga barabara, ikawa ndani ya siku chache miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Mashirika ya Kikristo na yasiyo ya dini yalifuata, na pamoja nayo watu mmojammoja kutoka Ulaya, Marekani na Australia, wengi wao vijana, wengi wakiwa katika safari yao ya kwanza Afrika. Walishuka kwenye ndege ndogo. Katika barua zao lile neno la zamani lilirudi: nimefika, niko peke yangu. Waliliandika katikati ya robo milioni ya watu. Waliokuwa wamevuka daraja wakiwa peke yao kwelikweli, watoto waliopotezana na wazazi wao, waliorodheshwa na mashirika chini ya kichwa kingine cha habari, wakapewa namba. Desemba 1996 kambi zilifungwa na wengi wakarudishwa Rwanda.

Leo anayetoka ng'ambo kwenda Ngara kwa kazi ya Kanisa hutua Mwanza, na tangu Juni 2025 hupita juu ya ziwa kwa daraja la Kigongo–Busisi, mahali ambapo zamani alingoja kivuko. Hupita Geita na kufika njia panda ya Nyakanazi, ambako pori la Biharamulo linaanza. Hapo mara nyingi yupo mtu aliyetumwa na dayosisi kumpokea, mwinjilisti au dereva, aliyefika tangu asubuhi na simu mkononi. Nauli yake ya kuja Nyakanazi kwa kawaida huitoa mwenyewe, na kurudishiwa kwake hutegemea kama alikumbuka kudai risiti.